Podo ya Bibi Katikati ya Paini

Harufu ya paini mbichi, ikitoka kwenye mashine za kupasulia mbao kule Igowole, ilitufikia asubuhi pamoja na ukungu. Watoto tuliipenda, kipya kinyemi, ingawa kidonda. Mwaka ule kijiji kizima kilikuwa kikipanda paini, mti mgeni ulionyooka na kukua upesi. Kwetu nafasi iliyobaki ilikuwa bondeni, kwenye makaburi, ambako podo mbili za mwisho, miti ya asili ya kwetu, zilikuwa zimesimama tangu kabla ya Babu kuzaliwa. Podo haina haraka. Majani yake ni mapana kuliko sindano za paini, na chini yake palikuwa na ubaridi kama wa mtungi.

Baba alitaka kuziangusha zote. Bibi, mama yake, akaketi kwenye kaburi la mumewe akalia, na Baba akalainika. Kwa heshima akamwachia mti mmoja, tena ulio bora: ule unaozaa. Wa pili, ambao hatukuwahi kuuona na tunda, aliuita tasa, ukaangushwa. Msimu uliofuata Bibi alitutuma kuokota mbegu, ili bonde lisikose podo yeye akiondoka. Tulizifukia kivulini, tukamwagilia, tukafukuza kuku. Hazikuota. "Mbegu ya podo inalala sana, mjukuu wangu," aliniambia. "Tuiache tu ilale." Subira huvuta heri, wanasema. Tulivuta subira hadi Bibi naye akazikwa palepale, na hapakuwa na mche hata mmoja.

Ukubwani ndipo bwana miti aliponieleza kwamba podo ina mti dume na mti jike, kama mipapai. Kwetu baridi haikubali papai, nani angetuambia? Ile tasa ya Baba ndiyo iliyokuwa dume. Akanifariji kwamba podo haijatoweka duniani, bado ipo kwenye misitu ya hifadhi. Yetu imebaki mjane, imezungukwa na paini pande zote.

Mwaka huu nilimwomba kaka yangu, mrithi wa shamba, aniachie kipande nipande miche michache ya podo, maana ikiwa midogo hujui ipi ni dume. Akacheka, bila ubaya. "Sasa dada, hizo podo utavuna lini? Si paini ya Mzee ndiyo imekusomesha?" Ni kweli, ndiyo iliyonisomesha.