Mhaida Aliyekula Kwangu

Misheni moja ilipoamua kuunda mashua ya injini pale Mwanza, fundi wake aliletwa kutoka Kanada, na karibu kila mchana alikula kwangu. Nilikuwa na kibanda cha chakula jirani na gati. Hakuna aliyepika sato kunishinda. Nalisema bila haya, maana hata mpishi wa kibanda cha pili alikuwa akituma mtu aje kununua mchuzi wangu.

Watu hawakujua wamweke fundi yule kundi gani. Alikuwa maji ya kunde, nywele nyeusi zimenyooka, na Kiingereza chake kilikuwa cha kizungu kabisa. Lakini Uzungu aliukataa mwenyewe. Alipoulizwa kabila akajibu, "Mhaida." Wachukuzi wa gatini wakasikia "Mhaya." Wakafurahi, wakamfuata muuza kahawa mmoja wa Bukoba aje amsalimie ndugu yake. Yule Mhaya akasalimia kwa Kihaya, akangoja, akasalimia tena, kisha akatugeukia.

"Huyu si wetu," akasema. "Labda ni wa kule mbele ya Karagwe."

Tukacheka, na mgeni naye akacheka. Kwa Kiswahili chake cha kuokoteza kwa maseremala akatueleza kwamba kwao ni visiwani, kaskazini ya mbali, kwenye bahari ya baridi. Huchonga mtumbwi mkubwa kwa gogo la mti mmoja, na samaki humkausha wakamweka akiba.

"Basi huyu ni Mkerewe," nikasema, kwa kuwa mimi ni mzaliwa wa Nansio, kisiwani Ukerewe, na niliyaona hayo yote kwetu.

Kila akimaliza kula alikuwa akiniambia, "Hawaa." Nikamvumilia, halafu siku moja nikamwambia, "Fundi, mimi siitwi Hawa." Kumbe alikuwa akinishukuru kwa Kihaida. Nikamwomba maneno mengine. Baadhi yalitokea ndani kabisa ya koo, na sisi wote tukashindwa kuyatamka, isipokuwa Mhindi Mwislamu aliyekuwa na duka la vitambaa. "Hii herufi kafu ya Kurani!" akasema. "Kwa nini nyinyi hapana weza?"

Lugha hiyo fundi alifundishwa na bibi yake. Ndui iliwahi kupita visiwani kwao ikaua watu wengi, vijiji vikabaki magofu, na waliopona wakahamia pamoja. Baadaye ikaja shule, na huko akachapwa fimbo kwa kila neno la Kihaida lililomtoka.

"Nyumbani, bibi hakuniruhusu kula mpaka nitaje kila kitu kilichomo sahanini," aliniambia.

Basi naye akanifanyia vivyo hivyo. Samaki, chumvi, muhogo, kisu, alitaka jina la kila kitu kwa Kikerewe, na akikosea alirudia. Nikawa mwalimu wake, na mwalimu mkali; kutoka vyakula tukafika kwenye salamu na habari za watu.

Msimu ule mama yangu alivuka kutoka Ukerewe kuja kutibiwa macho. Kiswahili chake kiliishia kwenye salamu. Binti yangu mkubwa akamwambia, "Shikamoo, bibi," mama akaitika, "Marahaba," na hapo mazungumzo yao yakafika mwisho. Mume wangu ni Mnyamwezi, lugha yetu ya nyumbani ilikuwa Kiswahili, wala hatukuwahi kukaa kulipanga jambo hilo.

Mchana mmoja mama alikuwa ameketi kibandani fundi alipoingia. Akamwamkia kwa Kikerewe, akamuuliza habari za safari na za shamba. Matamshi yalikuwa yamepinda, lakini mama alimshika mkono asiuachie.

"Huyu ni mkwe wa nani?" akaniuliza.

Wakaongea mpaka ugali ukapoa. Fundi akamwambia kwamba Wahaida wana pande mbili, upande wa Kunguru na upande wa Tai; mtu huoa upande wa pili, na mtoto hufuata ukoo wa mama yake.

"Watu hao wana akili," mama akasema, akacheka kwa sauti.

Binti yangu alikuwa amesimama na kata ya maji mkononi. "Mama, wanacheka nini?"

Nikamfasiria. Baada ya kidogo akauliza tena, nikamfasiria tena. Nikajisikia uchungu kuwa mkalimani kati ya mama yangu na mwanangu wa kumzaa.

Jioni nikamwambia mume wangu kwamba mtoto ataondoka na bibi yake.

"Mwakani anaanza shule," akasema. "Huko watamfundisha kwa Kiswahili, si kwa lugha ya mitumbwi."

"Ndiyo maana aende sasa. Kwa Wahaida mtoto ni wa mama."

"Basi nenda ukaolewe na hao Wahaida!"

Lakini alikuwa akicheka, na mume wangu akishacheka neno limekwisha. Macho ya mama yalipopata nafuu, nikawapeleka wote wawili kupanda mashua ya Nansio.

Nilimfuata binti yangu baada ya mavuno ya mpunga. Kabla sijafika uani kwa mama nikasikia ugomvi: watoto wa kaka yangu walikuwa wakimdhulumu kipande cha samaki wa kamongo, na yeye alikuwa akiwajibu kwa Kikerewe, haraka haraka, na matusi madogo ndani yake. Nikasimama nje ya ua nikamwacha amalize. Kipande alikipata.

Tuliporudi Mwanza fundi alikuwa ameshapanda treni ya pwani kuanza safari ya kwao, na mashua yake ilikuwa tayari majini.