Mdhamini Niliyemfundisha Mwenyewe

Bora niseme mwenyewe kabla majirani hawajanitangulia. Niliazimia kuipata kazi ya meneja wa ubora kwenye kiwanda kimoja cha korosho Masasi, yenye mshahara mnono, nikakesha siku tatu na wasifu. Kuchambua korosho uani kwetu Mkunya nikakuita "usimamizi wa ubora, miaka sita". Mdhamini nikamwandika mama yangu, kwa jina la kwao lisilofanana na langu, cheo "Mkurugenzi wa Shamba". Nikamfundisha: akipigiwa simu, ajibu kibosi.

Kwenye usaili, mwenyekiti wa jopo akampigia palepale, akaweka spika. Mama hakuniangusha: "Huyo kijana ni mchapakazi. Mkimkosa, hasara ni yenu." Jopo zima likaitikia kwa kichwa. Nikajiona tayari nina ofisi yangu.

"Haya, msalimie mdhamini wako," akasema mwenyekiti.

Kwetu mkubwa hasalimiwi kwa "habari". Nikainuka kitini, nikainama mbele ya ile simu.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Wamekupa? Na hilo shati la baba yako limekutosha?"