Mtoto wa Mbwa Aliyenyimwa Maziwa

Msimu wa kahawa nyumbani kwetu Nyakahanga ulikuwa na harufu yake, harufu ya kahawa mbivu iliyoanikwa juani, tamu kidogo na chachu kidogo, iliyoingia mpaka kwenye nguo za Jumapili. Mwaka niliotimiza miaka kumi iliongezeka harufu ya pili, nayo ilikuwa ya kuharisha kwa watoto wa mbwa. Sioni sababu ya kuipamba. Walikuwa wawili, dume na jike, na mjomba aliwaleta kutoka Kanoni ndani ya boksi la sabuni kabla hawajatimiza wiki sita. Bibi Evelina, mama yake mama, ndiye aliyenilea, na aliwataka kwa sababu ya tumbili waliokuwa wakituvunia mahindi bila kutuuliza. Dume alimpa jina la Watasema, ujumbe kwa majirani fulani ambao kweli walikuwa wasemaji. Jike alikufa kabla hatujakubaliana jina.

Alikufa kwa ukarimu wetu. Kwetu Karagwe maziwa si chakula tu, ni heshima. Mgeni hupewa maziwa, mzazi hupewa maziwa, na mgonjwa aliyeshindwa na kila kitu huletewa maziwa na watu wakajisikia wametimiza wajibu. Basi kila asubuhi Bibi alikamua ng'ombe wetu mmoja, akamimina sahani iliyojaa, povu likiwa bado linapumua, na watoto wale wakanywa mpaka matumbo yakawa magumu kama ngoma. Siku ya tatu jike akaanza kuhara. Bibi akasema ni meno. Tukamwongezea maziwa ili apate nguvu, akahara zaidi, tukamwongezea tena. Jumatano asubuhi tulimkuta amekuwa baridi, na nilimzika mwenyewe nyuma ya migomba. Nililia kwa hasira zaidi kuliko huzuni, maana nilihisi kuna jambo tulipaswa kulijua na hatukulijua.

Kesho yake Bibi alinituma chumvi dukani kwa Mzee Idrisa, nami nikambeba Watasema kwenye kapu, kwa sababu naye alikuwa ameanza kuhara na niliogopa kumwacha peke yake. Mzee Idrisa alikuwa mfanyabiashara Mwislamu, babu yake alitokea pwani, na duka lake la barabarani liliuza kila kitu kuanzia majembe hadi dawa za mifugo. Wafugaji walikuwa wakimweleza maradhi ya ng'ombe wao kabla ya kumwendea bwana mifugo. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akatazama kapu na kurudi nyuma hatua mbili. Hakuwa na chuki na mbwa. Kwa mafundisho aliyolelewa nayo, mate ya mbwa ni najisi nzito, haitoki mpaka uoshe mara saba, na moja kati ya hizo kwa udongo. Watu wengine huko kwetu walimcheka kwa hilo. Mimi leo namheshimu kwa namna alivyolibeba sharti lake bila kumtwisha mwingine.

Aliniuliza maswali akiwa palepale mbali, nami nikawa mikono yake. Anacheza? Anacheza kidogo. Anatapika? Hapana. Kinyesi kina damu? Hakina, ni uji tu. Akaniambia nifunue mdomo nitazame ufizi, nikaona una rangi ya waridi. Akaniambia nivute ngozi ya mgongoni kwa vidole viwili na kuiachia, ikarudi mahali pake mara moja. "Huyu bado ana maji mwilini," alisema. "Msimpe tena maziwa ya ng'ombe, tumbo lake halijayazoea. Mpe maji yaliyochemshwa, sukari kidogo na chembe ya chumvi, kijiko kimoja kimoja. Jioni mpe wali laini kiasi cha kiganja chako. Lakini akianza kutapika, au akikataa maji, au ukiona damu, au ufizi ukawa mweupe, usingoje kesho, binti. Mtoto mdogo namna hii hana akiba." Sijawahi kusikia somo la utabibu lililo fupi kuliko hilo, na mpaka leo sijakuta la kulirekebisha.

Sasa nikiri kosa letu. Nilimfikishia Bibi maneno yote, akatikisa kichwa kwa kukubali. Lakini kumnyima mgonjwa maziwa kulimchoma moyo. Nilipokwenda kisimani alimpa Watasema kikombe kimoja, cha siri. Naye alipokwenda kugeuza kahawa, mimi nikampa kingine, cha siri vilevile, kwa sababu alinitazama kwa macho ambayo yangekamua hata jiwe. Kila mmoja alimficha mwenzake, na kila mmoja alilala akiamini kwamba yeye peke yake ndiye mwenye huruma katika nyumba ile. Majuto ni mjukuu, wanasema, na mjukuu alikuwa mimi.

Ijumaa kulipopambazuka Watasema alitapika maziwa yaliyoganda, halafu povu la njano. Hakuinua kichwa nilipomwita. Ufizi wake ulikuwa mweupe, na ngozi niliyoivuta ilibaki imesimama kama mkunjo wa kitambaa. Bibi alinikazia kapu mikononi. "Kimbia," aliniambia. "Mwambie kosa ni langu." Nikamjibu kwamba na mimi nilimpa. Kisha nikakimbia.

Mzee Idrisa hakukemea. Alimpigia simu bwana mifugo, akaambiwa yuko Kiruruma kwenye ng'ombe anayezaa na hawezi kufika kabla ya mchana. Akachanganya maji ya sukari na chumvi, akanipa kijiko, akarudi hatua zake mbili. Lakini sikujua kumshika. Meno ya Watasema yalikuwa yamekaza, na kila nilichomimina kilimwagikia mapajani mwangu. Nilianza kulia, na nililia nikimwomba msamaha yule mbwa.

Mzee alikuwa amevaa kanzu nyeupe, iliyopigwa pasi kwa ajili ya sala ya Ijumaa. Alikunja mikono ya kanzu mpaka kwenye viwiko, akaja, akapiga magoti sakafuni. Alishika taya kwa dole gumba na kidole cha pili, akaingiza matone pembeni mwa shavu, akasubiri mpaka koo limeze, akaongeza. Haba na haba, asubuhi nzima. Watasema alimtapikia kifuani mara moja, naye akaendelea kana kwamba ni mvua tu. Nilimwambia, "Babu, kanzu yako." Akajibu bila kuinua macho, "Hii itafuliwa."

Bwana mifugo alipofika na pikipiki yake alimkuta mbwa amefumbua macho. Akamdunga sindano mbili, akaacha dawa ya minyoo ya kumpa akipata nguvu. Mzee Idrisa alitoka uani na ndoo, akachota udongo safi, akanawa bila haraka, mara ya kwanza kwa udongo na sita kwa maji. Kisha akavaa kanzu ya zamani, yenye kiraka begani, akaenda msikitini. Watasema aliishi miaka kumi na moja, na tumbili walimjua.

Siku hizi naishi Kyerwa, nafundisha shule ya msingi, na mambo yamekuwa mepesi. Ipo chanjo ya ule ugonjwa wa kuharisha damu unaomaliza watoto wa mbwa. Daktari wa mifugo unamtumia picha ya kinyesi kwa simu, anakujibu akiwa njiani juu ya bodaboda. Nafurahi kwa hayo yote, na sitaki kurudi enzi za kuzika wanyama nyuma ya migomba. Majirani wanajua kwamba nina uzoefu, kwa hiyo huniletea wagonjwa wao, nami huwauliza maswali yaleyale, huwatazamisha ufizi, na huwakataza maziwa kwa ukali unaowashangaza.

Mwezi uliopita mwanafunzi wangu mmoja alinijia mbio na mtoto wa mbwa aliyelegea, damu ikimtiririka nyuma. Nilikuwa mlangoni, nimevaa gauni jipya la harusi ya mdogo wangu, gari linaningoja. Nilimpokea yule mbwa, nikamwita daktari, nikachelewa kanisani, na mbwa akapona. Watu walinisifu. Sikuwaambia kwamba kabla ya kunyoosha mikono nilitazama gauni langu kwanza, na kwamba yule mwanafunzi aliniona nikilitazama.