Kata Isiyo na Wizi

Mayala hakuwa mtu wa kusema mkutanoni. Alizoea kukaa nyuma, kwenye baiskeli, na kurudi nyumbani na maneno yake tumboni. Lakini siku mtendaji wa kata alipofungua simu na kusoma takwimu za uhalifu, zile ambazo serikali imeziweka wazi kila mtu azione, Mayala alijikuta amesimama.

"Kituo kipya cha polisi na gari lake vinakwenda kata ya jirani," mtendaji alisema. "Kwetu, takwimu zinasema wizi wa mifugo hakuna."

"Hakuna?" Mayala akauliza kwa sauti ndogo. "Na maksai wangu juzi?"

"Uliripoti, Baba Hosiana?"

Watu wakacheka. Nani aripoti? Yowe lilipigwa, sungusungu, walinzi wa kijiji, wakafuata kwato mpaka mbugani, maksai wakarudi. Mwizi akatozwa faini ya ng'ombe, watu wakala, kesi ikaisha. Kesi ya mjane Paskalia iliishia hivyohivyo, na ya Mwigulu pia.

Mkutano ulipovunjika, Mayala alimfuata Maganga, mtemi wa sungusungu.

"Mtemi, tukaripoti yote. Siku hizi wezi wanakuja na pikapu. Utaikimbiza pikapu kwa fimbo?"

"Nenda karipoti," Maganga akasema. "Watakwambia leta maksai, ni kielelezo cha ushahidi. Watafungwa kituoni mpaka kesi iishe. Fahali wa Masele alikondea huko akabaki pembe. Na mvua ndiyo hii, utalima kwa meno?"

Wenzake wakaangua kicheko. Mayala akashika baiskeli yake akaondoka. Nyumbani alimweleza mkewe, Lusia, naye akasema, "Mtemi kasema kweli, Baba Hosiana. Tulime kwanza."

Basi akalima. Kila alipogeuza jembe mwisho wa tuta, alijiambia kesho atakwenda. Kesho ikawa na shamba lake.

Palizi ilipoanza, pikapu ikaja, na maksai wa Mayala wakaenda nayo. Yowe likapigwa kama kawaida, wanaume wakatoka na fimbo na mishale. Kwato ziliishia barabarani. Kutoka hapo zilikuwa alama za tope la matairi tu, zinaelekea njia ya Geita. Maganga alisimama katikati ya lami akihema.

"Tukutane jioni tuzungumze," akasema.

"Mzungumze ninyi," Mayala akajibu, akapanda baiskeli mpaka mjini.

Askari alikuwa kijana mpole. "Maksai wako wapi?"

"Wangekuwepo nisingekuja, afande."

Askari akaandika. "Huko kwenu mmewahi kuibiwa kabla ya leo?"

"Mara nyingi mno."

Askari akapekua daftari, akatikisa kichwa. "Humu hamna hata tukio moja la kata yenu, mzee. Hili ndilo la kwanza."

Mayala alitaka kumtajia ya Paskalia, ya Mwigulu, na yake mwenyewe ya mwanzo. Lakini yote yalikwisha kuliwa pamoja na nyama ya faini. Akatia dole gumba alipoonyeshwa, akatoka nje. Shambani palizi ilikuwa imesimama, na jembe la maksai halikuwa na wa kulivuta.