Mapinduzi Yaliyosubiri Supu

Siku tuliyomng'oa mfalme wetu wa mwisho, mapinduzi yalichelewa nusu saa. Mfalme alikuwa anakunywa supu.

Msicheke. Nilikuwepo.

Ilikuwa Novemba 1918, hapa Rautenfels, kinchi cha Kijerumani ambacho ukianza kutembea asubuhi, mchana umeshakimaliza. Kaiza mwenyewe, mfalme mkuu wa Ujerumani yote, alikuwa ameshakimbilia Uholanzi. Wafalme wadogo nao walikuwa wanadondoka mmoja mmoja.

Lakini mimi sikwenda ikulu kupindua mtu. Nilikwenda kwa ajili ya mume wangu.

Gebhard ni fundi viatu, na mdomo wake hauna breki. Alisema kwenye baa kwamba medali za mfalme amezipata kwa kula bata, huku watoto wetu wanafia vitani.

Miezi minane jela.

Sasa yale mafua makali yaliyokuwa yanazoa watu mwaka ule yakamkuta humo selo. Alikuwa anakohoa damu.

Wa kumtoa alikuwa mfalme peke yake, kwa saini na muhuri. Ila kwanza uandike barua ya kuomba radhi. Gebhard alikataa kuiandika, na mimi sikumlazimisha.

Ukumbini ikulu nikawakuta wanaume sita wa baraza la wafanyakazi na askari. Bunduki begani, kofia mkononi. Viatu wameshavifuta mlangoni, eti wasichafue zulia.

"Mnangoja nini?" nikauliza.

"Mtumishi kasema Mtukufu yuko mezani," akajibu Kunze, kiongozi wao.

"Kwani mmekuja kupindua au kuposa?"

"Bi Ottilie, kila kitu kina utaratibu wake."

"Na mume wangu?"

"Kamati ya wafungwa itakaa Jumatatu."

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Gebhard asingeiona hiyo Jumatatu. Nikausukuma mlango mwenyewe.

Mfalme akainua macho, kijiko mkononi, leso kifuani. Mzee wa kawaida kabisa. Nikamwekea karatasi yangu ya kumtoa Gebhard kando ya bakuli.

Akaisoma polepole.

"Barua ya radhi iko wapi?"

"Haipo."

"Basi piga goti wewe, umwombee. Nitasaini."

Sitawadanganya, nusura nipige. Goti ni kitu cha sekunde moja, na mume wangu alikuwa anakufa. Lakini nikamfikiria Gebhard akija kujua ametolewa kwa bei hiyo, nikaona aibu.

"Kunze," nikaita bila kugeuka, "lete karatasi yenu kwanza."

Wakaingia wakinyata. Mfalme akaisoma hati ya kuachia kiti, akasaini.

Nikaisogeza yangu.

"Mama, mimi si mfalme tena," akasema. "Saini yangu haina kazi."

"Mkuu wa jela hajajua. Gonga muhuri."

"Na goti?"

"La nini? Sasa tuko sawa."

Akaivuta karatasi yangu. Kisha akasaini, akagonga.

Mkuu wa jela alipoona ule muhuri alisimama wima, akatoa funguo bila swali. Aliyegoma ni Gebhard.

"Msamaha ni wa mkosaji," akasema, amelala selo kwenye majani makavu. "Mimi sikukosea. Irudishe hiyo karatasi."

Nikamwinamia sikioni. "Alisaini kiti kimeshamtoka. Hakuna mfalme aliyekusamehe, mpenzi. Ni mzee mmoja tu kaandika jina lake."

Alicheka mpaka kikohozi kikamkaba. Alipotulia akasema, "Nipe koti langu."

Tulikwenda nyumbani kwa miguu, nimemwegemeza ubavuni mwangu.

Alifariki siku ya tisa, kitandani kwetu.

Wapo wanaoniambia hadi leo: mngeomba radhi mapema, labda angepona. Labda. Neno hilo linaniuma kila ninapolisikia, sifichi.

Ila mume wangu alizikwa bila kusamehewa na mtu, kwa sababu hakuwa na la kusamehewa. Na wewe unayesoma hapa, ukiambiwa uombe radhi kwa kusema kweli, usiombe. Itakugharimu, najua. Usiombe.