Pikipiki Iliyolia Kama Lori

Kijana aliyekuwa akinibeba kwa bodaboda amefariki. Habari ilinikuta uani kwangu hapa Manundu, chini ya milima, nikipepeta mahindi. Aliileta mwenzake wa kijiweni, akasimama mlangoni pikipiki ikiunguruma, hata shikamoo akaisahau. "Bibi, yule wako wa honi hatunaye." Sikuuliza yupi. Nimezika wengi, na mnaonisoma mnajua sina tabia ya kumpamba mtu kwa sababu tu kafa. Huyu ninamwandika kwa sababu namna alivyokufa inaniamsha usingizini, na kwa sababu wenzake bado wanafunga honi kama yake.

Alikuwa Mzigua wa Handeni, mwembamba, mpole, hana maneno mengi. Penye matuta alipunguza mwendo bila kuambiwa, na ukishuka alikushikia kikapu mpaka usimame sawasawa. Pikipiki yake ilikuwa na honi ile iliyokuja nayo, inalia kama kifaranga. Siku moja tunarudi kutoka Mkumbara, basi likatujia kwa nyuma. Akapiga honi, akapiga tena. Basi likatusogelea kana kwamba barabara ni tupu, tukaishia kwenye majani, mimi na kikapu changu, yeye na pikipiki yake. Alikaa chini, akanionyesha kidole gumba. "Bibi, nimempigia mpaka kidole kinauma. Hakunisikia." Nikamwambia, "Kakusikia, kakudharau." Akafuta vumbi usoni. "Basi sasa atanisikia."

Akaenda kwao Handeni, akarudi na honi ya lori. Aliitoa kwa muuza vyuma chakavu, kwenye lori lililopinduka likafa na watu wake. Nikamuuliza, "Na mwenyewe yuko wapi?" Akacheka. "Bibi nawe! Chuma hakina mwenyewe." Honi ya lori haili umeme wa pikipiki, inataka mwingi zaidi, kwa hiyo fundi alimfungia betri za ziada chini ya kiti, akawa anazichaji kwa sola nyumbani. Kijiweni walimtania siku nzima. "Oya, tela umeliacha wapi?" "Mpisheni dereva wa Kongo!" Akafurahi. Mtu aliyezoea kusukumwa majanini, ukimpisha hata kwa mzaha anafurahi.

Mara ya kwanza kunibeba na honi ile, tulikuwa tunaelekea sokoni. Mbele yetu wanawake wenye mizigo kichwani. Akabonyeza. Mimi niliyekaa nyuma yake niliisikia mifupani. Wale wanawake waliruka mpaka ng'ambo ya mtaro, mmoja akamvuta mtoto kwa mkono. Tukapita. Nikawaangalia usoni niwaombe radhi. Hawakutuangalia. Macho yao yalipita juu ya vichwa vyetu, yakaenda nyuma yetu, yanatafuta lori. Tulikuwa karibu nao kiasi cha kugusana, na hawakutuona. Nilipogeuka, tuko mbali tayari, yule mama bado alikuwa amemshika mtoto, anangoja lori lipite. Nikamwambia kijana, "Itoe honi hii. Watu wanasikia mtu mwingine." Akajibu kwa adabu, "Bibi, siku hizi asiyesikika hayupo."

Na dunia inampa haki. Muuza sumu ya panya ana spika. Harusi ya nyumba ya tatu inatikisa sufuria zangu. Hata msibani sasa wanakodi muziki, na wafiwa wanalia kwa kushindana nao. Mtu mdogo akiongea kwa kipimo chake anakanyagwa, kwa hiyo anaazima sauti. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma, lakini kijana huyu hakuwa debe tupu. Alikuwa mtu anayetaka kufika nyumbani mzima. Simlaumu kwa hilo.

Kosa lake lilikuwa la mtu wa tambarare. Kwao Handeni ng'ombe unawaona toka mbali, na honi ni ya kufukuza tu. Milimani kwetu honi ni mazungumzo. Kwenye kona za kwenda Bungu unapiga kabla hujaonekana, na wa upande wa pili anakupimia nafasi kwa sauti uliyotoa. Asubuhi ile alikuwa anapanda peke yake kumfuata abiria, ukungu umefunga. Juu kulikuwa na lori linashuka na kabichi. Dereva wake alikuja msibani, mtu mzima, amekaa mkekani ameshika kofia, akatusimulia mwenyewe.

"Nilisikia lori linapanda. Nikajibana ukutani kwa mlima nikasimama, nimwachie mwenzangu upande wa korongo, maana mimi ndiye mwenye mzigo na ukingo ni laini. Ndivyo tunavyofanyiana. Honi ikaja, ikaja, ikanipita ubavuni, ikashuka korongoni. Gari sikuliona, mama zangu. Nawaapia, sikuona gari."

Bodaboda wanaogopa korongo, hupanda wameubana ukuta. Naye alikuja hivyo, akakuta uso wa lori mbele yake, akakwepa kulia ambako changarawe ni laini, akaporomoka korongoni. Kule chini kitufe kilinasa, na honi ikaendelea kulia ndani ya ukungu bila kupumzika. Utingo wa lori la kabichi akaanza kusoma dua. Wakulima walishuka na mapanga na kamba kuokoa watu wa lori. Wakatafuta miti iliyovunjika, hamna. Harufu ya dizeli, hamna. Sauti ya lori ipo, lori halipo. Mtu mmoja akasema, "Hili si gari, turudini," na wengine wakarudi barabarani kweli. Honi ikachoka, ikawa kama inakoroma, ikanyamaza.

Ukungu ulipoinuka walimwona. Alikuwa hapo chini tu, kwenye migomba, mwili bado una joto.

Mama mmoja wa Bungu, aliyekuwa akipalilia karibu na pale, alisema kitu msibani. Alisema chini ya ile honi alisikia sauti nyembamba ya mwanamume inaita, "Jamani. Jamani." Lakini hakujua inatoka wapi, maana honi ilikuwa inaifunika. Mama yake marehemu, aliyeletwa kutoka Handeni, akauliza, "Aliita sana?" Yule mama akainamisha kichwa.

Wajukuu zangu wa bodaboda, fungeni honi inayosema ukweli kuhusu kilicho nyuma yake, na kwenye kona punguzeni mwendo. Nanyi madereva wa mabasi, kisikieni kifaranga kabla hakijalazimika kulia kama simba. Na sisi wa huku milimani, tukisikia honi inalia kwenye ukungu bila kukoma, tusitafute gari kwanza. Tutafute mtu.