Siku Mama Alipoivusha Benki Mtoni

Enzi zetu, gari likikwama mtoni, hakuna aliyeuliza ni la nani. Sisi watoto ndio tuliokuwa wa kwanza kulisikia, maana kutwa nzima tulikuwa kwenye mchanga tukifukua maji. Ninyi wenzangu mliokulia upande wa Migwani mnaujua mto wa namna hiyo. Mwaka karibu mzima ni mchanga mtupu unaochoma nyayo, na maji yake yamejificha chini. Unachimba, unangoja yajichuje, unateka polepole kwa kibuyu huku punda akikutazama kwa dharau. Mara unasikia injini inanguruma, magurudumu yanazama, dereva anateremka na kushika kiuno. Hapo tulipiga kelele, na mama zetu wakaja.

Walikuja wote kwa sababu tayari walikuwa pamoja. Huo ndio mwethya, kikundi cha kazi cha akina mama: leo wanachimba mitaro shambani kwa huyu, kesho wanamjengea yule, na malipo ni sahani ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, na vicheko. Kiongozi wa mwethya wetu alikuwa mama yangu. Alikuwa mfupi, lakini sauti yake ilivuka vilima. Yeye ndiye aliyeanzisha wimbo, wenzake wakaitikia na majembe yakashuka pamoja.

Gari nalo lilikuwa na utaratibu wake. Kwanza mizigo inashushwa ili gari liwe jepesi, na akina mama wanaibeba mgongoni hadi ng'ambo, mkanda wa ngozi umepita kwenye paji la uso. Kisha matawi chini ya magurudumu, kisha wimbo, kisha kusukuma. Dereva alishukuru, tukarudi kwenye maji yetu.

Shuleni tulikwenda na kidumu cha maji mkononi, maji ya kunyunyizia sakafu ili vumbi litulie. Harufu ile ya vumbi lililolowa bado ninayo puani. Vitabu ndivyo vilivyokuwa shida. Dawati zima lilisoma kitabu kimoja, na aliyekaa pembeni alikisoma kwa kukipindia shingo. Nina mwenzangu ambaye hadi leo akisoma gazeti analishika kimshazari. Jioni mama, ambaye hakusoma, alituuliza, "Leo kitabu kimefika kwako?" Hakuuliza tumejifunza nini. Aliuliza hilo tu.

Basi siku moja ya likizo, asubuhi, gari la bluu lilitokea upande wa Mwingi likiwa na haraka, na mchanga ukalishika vizuri. Waliteremka vijana waliovaa makoti katika jua lile. Mama aliwapa pole, akawapa maji ya kunywa, ndipo akaagiza mizigo ishushwe. Ilikuwa mabegi makubwa. Kijana mmoja alikataa kuliachia lake.

"Kuna nini humo unakumbatia hivyo?" mama akamuuliza.

"Ni vitabu, mama. Vitabu vya shule."

Uso wa mama ulibadilika. Alilichukua begi lile yeye mwenyewe, akatandika leso mgongoni ili jasho lisiharibu vitabu, akaweka mkanda kwenye paji la uso na kuvuka. Tuliposogea kushika, alitufokea, "Msiguse na mikono yenu ya matope!" Kisha akaimba, gari likasukumwa, mabegi yakarudishwa, na wale vijana wakaondoka wakipunga mikono. Kufikia saa sita nilikuwa nimeshakitangazia kijiji kizima kwamba vitabu vimekuja. Niliapa kabisa, nikachagua na rangi ya jalada la kitabu changu.

Mchana likaja gari la polisi. Nalo likakwama palepale. Akina mama wakashusha mizigo, wakakata matawi, wakaimba, wakalisukuma. Mkubwa wao alipofika ng'ambo, akajipangusa jasho na kuuliza kama tumeona gari la bluu.

"Tumelitoa hapa sisi wenyewe," mama akajibu kwa fahari. "Hata mizigo tuliwabebea."

Ndipo mkubwa yule akatuambia. Benki ya mjini ilikuwa imevunjwa asubuhi ile, na mama yangu alikuwa ameivusha mto mgongoni. Walimchukua kwenda kuandikisha taarifa, na alirudi kesho yake akitembea kwa miguu, leso yake ameifunga kichwani.

Wezi walikamatwa baadaye huko Kiboko, wakasema wenyewe kwamba wale akina mama hawakujua lolote. Polisi waliridhika. Watu ndio hawakuridhika. Mama akapewa jina, Mama Benki. Sokoni walimtania kama angeweza kuwakopesha, na kanisani wapo waliosogea mbali kidogo alipokaa. Ndani ya mwethya wenyewe ikasemwa, kwa upole sana, kwamba labda apumzike uongozi. Alipumzika. Akarudi baada ya muda, lakini mwisho wa mstari, akawa wa kuitikia tu. Wimbo hakuuanzisha tena. Iliniuma, na inaniuma hadi leo, maana nilizoea kujua mama yuko shamba gani kwa kusikia sauti yake.

Sasa, mwaka huu vijana wa Nairobi wametengeneza filamu kuhusu wizi ule. Binti yangu Mutheu ndiye aliyeniambia, na Jumapili baada ya ibada tukampelekea mama nyumbani, kwenye kompyuta ya Mutheu. Mama macho yake yamefifia, lakini alivaa tena kitambaa chake cha kanisani na kukaa karibu kabisa. "Leo watu wataona vile ilikuwa," akasema. Nilielewa kwamba alikuwa ameingoja siku hiyo tangu nikiwa mtoto.

Filamu ikaanza. Mto wetu wameujaza maji! Gari la bluu likauruka angani kama panzi, bila mchanga, bila matawi, bila mama hata mmoja. Ng'ambo alikuwa amesimama msichana wa midomo myekundu na miwani nyeusi, bastola kiunoni na begi la pesa vidoleni. Ndiye mkubwa wa genge. Wakamwita Mama Benki.

"Susu, ni wewe!" Mutheu akampigia bibi yake makofi. "Wamekufanya bosi! Hiyo ni noma!"

Nilitaka kuifunga kompyuta ile na kuitupa nje. Mama aliinua mkono, akatazama kwa muda mrefu.

"Huyo anabeba benki kwa vidole viwili," akasema. "Hajawahi kubeba kitu." Kisha akauliza, "Na vitabu viko wapi?"

"Vitabu gani, Susu?"

"Mimi nilibeba vitabu. Nilivibeba kwa ajili ya mama yako."

Miaka yote nilidhani kilichomuumiza ni lile jina.

Siku hizi kuna daraja pale, na ninalishukuru ninapopita. Lakini gari likiharibika juu yake, vijana wanazunguka na simu, kila mmoja anachukua video, na mwenye gari anasukuma peke yake. Mutheu ana vitabu vingi ndani ya simu kuliko shule yetu yote ilivyokuwa navyo, na sijawahi kumwona akifungua hata kimoja. Siutaki tena umaskini ule, na shingo yangu haitaki kupinda. Ninachokitamani ni ile sauti iliyowakusanya watu.

Jumapili ile Mutheu alimgeukia bibi yake. Kisha akauliza, "Lakini Susu, si ungewauliza kwanza wanatoka wapi?"

"Walikuwa wamekwama, mama," bibi yake akamjibu. "Mtu amekwama, utaanza kumhoji?"

Mutheu akaifunga kompyuta yake mwenyewe, filamu ikiwa katikati. "Mlikuwa mnaimba nini?"

Mama akavua kitambaa cha kanisani, akakikunja mapajani. Akasafisha koo. Kisha akaanzisha, si kuitikia, akaanzisha, kwa sauti iliyochakaa lakini ileile, na akanyoosha kidole kwangu nilipochelewa. Niliitikia nikilia. Mutheu hakuyajua maneno, akayakosea yote, na mama akarudi mwanzo ili amngoje.